Milo 84: Sukari ya Mimba na Muuguzi wa Kati ya Kliniki na Kliniki

Mashine ya kupimia sukari ya damu ilionyesha 11.4. Mama aliyekuwa ameketi mbele yangu, mwenye mimba ya wiki 29, aliitazama namba ile, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga. Tangu Jumatatu alikuwa akinywa chai isiyo na sukari. Matoke alikuwa ameyapunguza hadi nusu ya alivyozoea. Nikamuuliza alikuwa akifanya nini kabla ya kuingia chumbani.

"Nilikuwa namenyea mtoto embe pale nje, sista."

Nikampeleka kwenye ndoo yenye bomba. Akanawa kwa sabuni, akajifuta hadi vidole vikakauka kabisa. Nikamtoboa kidole kingine, ubavuni mwa ncha, pale ambapo hapaumi sana, nikagusisha tone la damu kwenye stripu, kile kijikaratasi kinachochomekwa kwenye mashine. Sekunde chache tu: 7.1. Kwa mtu aliyekula saa moja iliyopita, na ambaye tunataka asifike 7.8, hiyo ni namba nzuri. Ile 11.4 ilikuwa ya embe lililobaki kwenye ngozi yake. Mashine hupima sukari inayoikuta kwenye tone, haijui imetoka wapi.

Kama 11.4 ingeandikwa kwenye daftari na mtu asiyemjua mama huyu, ambaye angempokea siku hiyo tu kisha aende zamu nyingine, huenda mama angeanzishiwa insulini asiyoihitaji. Au, kibaya zaidi, angerudi nyumbani akiamini kwamba kujinyima kote kule hakukusaidia kitu. Mimi ni mkunga mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Busia, mahali ambapo asubuhi moja unaweza kuongea Kisamia, Luganda na Kiswahili kabla ya chai ya saa nne. Kwa miaka niliyokaa kwenye chumba kile nimeona kwamba sukari ya mimba hutunzwa hasa katika siku ambazo mama hayuko kliniki. Ndizo siku ninazotaka kuzieleza.

Kwa nini mimba huleta sukari

Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, hutoa homoni za kuilinda mimba. Homoni hizo pia huufanya mwili wa mama uwe mgumu kuitii insulini. Insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango wa kuingia kwenye chembe za mwili. Mlango ukiwa mzito, sukari hukaa kwenye damu kwa muda mrefu zaidi, na mtoto hupata riziki yake humo. Ni mpango mzuri wa maumbile. Kongosho la mama hujibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi, mara mbili na kupita, na wajawazito wengi hawajui hata kwamba kazi hiyo inafanyika.

Kwa baadhi yao kongosho haliwezi kufikia kiwango hicho. Kondo linavyozidi kukua ndivyo homoni zinavyozidi, na ndiyo maana tatizo hujitokeza zaidi kuanzia wiki ya 24 hadi ya 28, si mwanzoni. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba takriban mtoto 1 kati ya kila 6 wanaozaliwa hai duniani hutoka kwenye mimba iliyoguswa na sukari kupanda kwa namna moja au nyingine, na sehemu kubwa ya hizo ni sukari ya mimba.

Mama mwenyewe mara nyingi hasikii chochote. Kiu, kukojoa kila mara, uchovu: mjamzito gani hana hayo? Anayeathirika kimyakimya ni mtoto. Sukari ya mama huvuka kondo, insulini ya mama haivuki. Kwa hiyo mtoto hulazimika kutoa insulini yake mwenyewe ili kukabiliana na sukari anayoletewa, na insulini kwa mtoto wa tumboni ni kichocheo cha kukua. Daktari Jørgen Pedersen wa Denmark alieleza jambo hili tangu miaka ya 1950. Mafuta hujaa mabegani na tumboni. Siku ya kuzaliwa kichwa hutoka, bega likakwama. Mkunga yeyote aliyewahi kusimama mbele ya bega lililokwama anajua jinsi dakika moja ilivyo ndefu.

Watu husema tu "ana sukari", na neno hilo moja hubeba magonjwa mawili. Kuna mama aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba, pengine bila kujua, na kuna huyu ambaye sukari yake imeletwa na mimba. Tofauti hiyo inabadilisha mengi, hasa baada ya kujifungua.

Mstari uliochorwa na watu

Kipimo chenyewe kinataka subira. Mama huja asubuhi akiwa hajala kwa saa 8 au zaidi. Tunampima, kisha anakunywa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa kwenye maji, na tunampima tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, sukari ya mimba ni namba moja tu kati ya hizi kufikiwa: 5.1 kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, zote kwa milimoli kwa lita. Ikifika 7.0 kabla ya kula au 11.1 baada ya saa mbili, hicho ni kisukari kamili kilichokutwa kwenye mimba, na huyo anahitaji daktari mapema.

Namba hizi zilitoka wapi? Vigezo vya kwanza vilivyoenea, vya mwaka 1964 kutoka Boston, vilitungwa kwa kuangalia ni wanawake gani wangepata kisukari baadaye maishani. Mtoto hakuwa ndani ya hesabu ile. Mwaka 2008 ndipo utafiti mkubwa wa zaidi ya wanawake 23,000 katika nchi 9 ulipomtazama mtoto, na ulichokuta ni kwamba hatari hupanda polepole kadiri sukari inavyopanda. Hakuna mahali ambapo chini yake ni salama na juu yake ni balaa. Wataalamu walikaa, wakakubaliana pa kuchora mstari.

Nawaeleza kina mama jambo hili kwa sababu lina manufaa. Mwenye 5.0 asifikiri ameponea, na mwenye 5.2 asifikiri amehukumiwa. Wote wawili wako kwenye mlima uleule, hatua chache tu zinawatenganisha.

Kuna njia ya mkato inayopendwa kwenye vituo vingi: kuchovya kijiti kwenye mkojo. Haifai kwa kazi hii. Wakati wa mimba figo huachilia sukari kwa urahisi zaidi, hivyo mzima anaweza kuonyesha sukari kwenye mkojo, na mwenye sukari ya mimba anaweza kuonyesha mkojo safi. Kumpima tu mama mnene, au mwenye umri mkubwa, au mwenye ndugu wa kisukari, nako huwaacha wengi nje. Mama wa embe alikuwa mwembamba, ana miaka 26, anauza mitumba sokoni.

Siku 28

Ratiba ya kliniki ya wajawazito iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 ina mahudhurio 8: wiki ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Sasa chukua kalamu. Mama amepimwa wiki ya 26, amekutwa na sukari. Hudhurio linalofuata ni wiki ya 30. Katikati kuna siku 28. Kwa anayekula mara tatu kwa siku, hiyo ni milo 84. Kila mlo unapandisha sukari au unaituliza, na mhudumu wa afya hayupo kwenye hata mmoja.

Huduma endelevu ya uuguzi ni kuzijaza siku hizo 28. Muuguzi au mkunga mmoja, mwenye jina na namba ya simu ambayo mama anaijua, anamshika kuanzia siku ya kipimo hadi wiki kadhaa baada ya kujifungua. Anapiga simu siku ya tatu, kwa sababu siku ya tatu ndipo mtu anapochoka kutoboa kidole. Anampangia kuja kila wiki moja au mbili badala ya kusubiri mwezi. Anasoma daftari la namba pamoja naye, anauliza kilicholiwa siku ile sukari ilipopanda. Asipokuja, anamtuma mhudumu wa afya wa kijiji akagonge mlango.

Kazi ya namna hii haionekani kuwa tiba, na hapo ndipo inapodharauliwa. Lakini mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Australia uliohusisha wanawake 1,000. Nusu walipata ushauri wa chakula, kupima sukari mara kwa mara na insulini kwa waliohitaji, na nusu wakapata huduma ya kawaida. Madhara makubwa kwa watoto, yaani kifo, bega kukwama, mfupa kuvunjika au neva kuumia, yalitokea kwa asilimia 4 ya kundi la huduma ya kawaida na asilimia 1 ya kundi lililofuatiliwa. Waliohitaji insulini katika kundi hilo walikuwa kama 1 kati ya 5. Wengine wote waliokolewa na chakula, kipimo na mtu wa kuwauliza.

Kwetu stripu ndizo zinazokwamisha. Huduma kwenye vituo vya serikali hailipiwi tangu mwaka 2001, lakini stripu zikiisha kituoni mama huambiwa anunue, na kila mashine hula stripu za aina yake tu. Nimemwona mama aliyenunua boksi zima la stripu zisizoingia kwenye mashine aliyonayo. Nimemwona mwingine aliyepiga simu usiku akilia kwamba sukari yake ni 92. Mashine aliyoazimwa na shangazi yake ilisoma kwa miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18: 5.1. Alikuwa salama, ila nani angemwambia saa tatu usiku? Siku hizi kabla mama hajaondoka na mashine naiwasha mbele yake, tunaangalia vipimo, naandika kwa kalamu kwenye kifuniko: asubuhi kabla ya kula isifike 5.3; saa moja baada ya kula isifike 7.8. Stripu zikiwa chache hatuziachi, tunazigawa: siku mbili kwa wiki, kabla ya kula na baada ya kila mlo, ni bora kuliko kupima kila siku kwa wiki moja kisha kunyamaza mwezi mzima.

Nani anapika?

Hilo ndilo swali langu la kwanza kuhusu chakula. Kama anayepika ni mama mkwe, basi mama mkwe ndiye ninayemhitaji kwenye benchi. Mke kijana hawezi kusukuma mbali sahani aliyopakuliwa na mkwe wake, akaambiwa anaringa, au anamnyima mtoto. Nikimpata bibi ana kwa ana, nikamweleza kwamba mjukuu wake anaweza kukwama begani, mara nyingi yeye ndiye anayekuwa mlinzi mkali kuliko mimi.

Karatasi za ushauri wa chakula nilizosomeshwa zilikuwa na mkate wa ngano nzima na jibini. Sisi tunakula matoke, posho (yaani ugali), viazi vitamu, muhogo, maharage, mchuzi wa karanga, mukene (dagaa), dodo (mchicha) na sukuma wiki. Kati ya hivi hakuna ninachokipiga marufuku. Tunachobadilisha ni uwiano: matoke au posho yabaki robo ya sahani, si kilima, mboga za majani zichukue nusu, maharage, mukene, yai au karanga zijaze robo iliyobaki. Muhogo na viazi visikutane na posho kwenye sahani moja, jambo ambalo nyumbani kwetu ni la kawaida kabisa. Soda na juisi ziondoke. Chai ya vijiko vitatu vya sukari iondoke, na hapa sitaki mapatano, kwa sababu sukari ya kunywa hufika kwenye damu haraka kuliko chakula chochote.

Asubuhi ndiyo saa ngumu. Mwili huikataa insulini zaidi wakati huo, hivyo chapati mbili na chai tamu ambazo jioni zingepandisha kidogo, asubuhi hupandisha sana. Kwa akina mama wengi tunaanza na hapo tu: chapati moja na yai, au kikombe cha uji wa ulezi usiotiwa sukari na njugu kiganjani. Baada ya kula, mwendo wa dakika 15. Kwa muuza mitumba hiyo si mazoezi mapya, ni kuzunguka soko kabla ya kuketi.

Na ile imani ya kula kwa ajili ya watu wawili naigusa taratibu, kwa kuwa imebebwa na upendo. Vivyo hivyo dawa za mitishamba na emmumbwa, udongo ule wenye mizizi ambao wajawazito wengi hapa Uganda hukoroga na kunywa. Nauliza bila kukunja uso. Ukikemea mara moja, hutaambiwa tena.

Sindano

Namba zikiendelea kuwa juu baada ya wiki moja au mbili za chakula na mwendo, daktari huongeza dawa: insulini, au metformini. Hofu ya insulini ni kubwa. "Fulani alianza sindano, akafa." Ni kweli fulani alikufa, lakini mara nyingi aliianza akiwa amechelewa sana. Ninachowaambia ni kile nilichosema juu: insulini ya mama haivuki kondo. Inamshusha sukari yeye, mtoto haguswi na dawa.

Nyumbani hakuna friji. Chupa iliyofunguliwa hukaa kama wiki nne nje ya friji mradi isikae kwenye joto kali, na chini ya bati letu mchana ni joto kali. Tunatumia vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa kibichi. Ingiza mkono mle saa nane mchana utasikia ubaridi. Mchanga ukikauka, ongeza maji.

Anayetumia insulini lazima ajue pia sukari ikishuka inavyokuwa: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, kizunguzungu. Hapo sukari ile tuliyoikataza inakuwa dawa. Vijiko vitatu vidogo kwenye maji, anywe, asubiri dakika 15, apime tena. Mume aelezwe, na mtoto mkubwa wa nyumbani pia. Wao ndio watakaokuwapo.

Presha nayo hupimwa kila hudhurio, kwa sababu mwenye sukari ya mimba yuko karibu zaidi na kifafa cha mimba. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, mtoto kupunguza kucheza: asisubiri tarehe, aje hata usiku.

Kitovu kikikatwa

Mahali pa kujifungulia tunapanga mapema: kituo cha ngazi ya nne au hospitali, penye chumba cha upasuaji, na nauli ya bodaboda au gari imewekwa pembeni. Mtoto akizaliwa, sukari iliyokuwa ikimjia kwa kitovu hukatika mara moja, lakini kongosho lake bado linatoa insulini kama jana. Sukari yake inaweza kuporomoka ndani ya saa chache. Atetemeke, alegee, au alale kwa utulivu ambao ndugu wanausifu. Kwa hiyo titi ndani ya saa ya kwanza, kisha kila saa mbili au tatu, na tone la damu kisiginoni; ikisoma chini ya 2.6 tunachukua hatua. Asipewe maji, asipewe glukosi ya jirani. Dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, ndiyo yake.

Mama naye, kondo likishatoka, sukari hurudi chini upesi. Insulini husimamishwa. Ndugu wanapiga vigelegele, na faili linafungwa.

Hapo ndipo ninapoumia. Mama mmoja alijifungua salama kwenye kituo kingine baada ya kutunzwa vizuri kwa sukari ya mimba. Hakuna aliyemwambia arudi. Baada ya miaka minne alinijia na mimba ya wiki 9. Sukari kabla ya kula ilikuwa 13. Alikuwa na kisukari kamili, kwa muda gani hatujui, na wiki zile za mwanzo ndipo moyo na uti wa mgongo wa mtoto hujengwa. Mimba ile haikufika mbali. Aliniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Sista, kwani haikuwa imeisha?"

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliojumlisha zaidi ya wanawake milioni 1.3, ulikuta kwamba aliyewahi kuwa na sukari ya mimba ana uwezekano karibu mara 10 wa kupata kisukari cha aina ya pili kuliko ambaye hakuwahi. Ndiyo maana anatakiwa apimwe tena kwa glukosi kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, halafu kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, na kabla ya mimba nyingine. Karibu wote hawaji, na siwalaumu: nani ataacha kichanga na shamba ili aje apimwe ugonjwa aliokwisha kuambiwa umepona?

Lakini mtoto anakuja. Ratiba ya chanjo hapa Uganda inamleta wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kina mama hawaikosi kirahisi. Kadi ile wanaihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho. Kwa hiyo kabla mama wa sukari hajaondoka wodini, naiomba kadi ya mtoto, na pembeni mwa mstari wa wiki ya 6 naandika kwa kalamu nyekundu: "Mama apimwe sukari. Aje bila kula." Mwenzangu wa chumba cha chanjo anajua maana yake. Mtoto hachomwi kabla mama hajatobolewa kidole mara ya kwanza, basi saa mbili za kusubiri zinapita na mtoto ananyonya, anadungwa, analia, anabembelezwa.

Mama wa embe alikuja wiki ya 6, siku ya mvua, akiwa na binti wa kilo 3.4 alipozaliwa, na mama mkwe wake amebeba chupa ya chai na viazi vya kula baada ya kipimo. Alinawa mikono bila kuambiwa. Kabla ya glukosi, 4.8. Baada ya saa mbili, 6.6. Tukaandika tarehe ya mwaka unaofuata kwenye kadi ya mtoto, pale pale kwenye wino mwekundu, na bibi akafungua chupa ya chai.